Kupanda mti juu ya mawe ya volkano: mwongozo wangu kutoka Goma

Ukipiga jembe katika viwanja vingi vya Goma, mashariki mwa Kongo, linagonga jiwe kabla halijazama hata kiganja kimoja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu, na 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama upande wa Buhene. Wengi wetu tumejenga juu ya mawe hayo. Mtu anakuja na mche, anaupanda kama wanavyopanda kwao Masisi au Rutshuru kwenye udongo ulioshiba, mche unakauka mwezi wa saba, kisha anasema mawe hayakubali mti.

Yanakubali. Ila mti wa juu ya mawe unaishi au unakufa kwa mambo mawili: shimo lake na kiangazi chake cha kwanza. Nina pepinyeri ndogo, yaani kitalu cha miche, nyuma ya nyumba, na miche niliyoipoteza karibu yote niliipoteza kwa moja ya hayo mawili. Kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa sana.

Kwanza, tembea uangalie

Tafuta mahali ambapo lava ya 2002 bado haijajengwa, uiname. Jiwe limefunikwa na kitu cha kijivu, kigumu kidogo, kama manyoya ya kondoo yaliyobandikwa. Hiyo ni likeni, ndiyo inayotangulia kukaa juu ya lava kabla ya mmea mwingine wowote. Nyuma yake hufuata kangaga kwenye nyufa, kisha vichaka. Ng'oa kangaga mmoja taratibu uangalie mizizi: imeshikilia vumbi jeusi lenye unyevu, kiasi cha kijiko. Hakuna aliyelileta. Ni majani yaliyooza na vumbi lililoletwa na upepo. Kumbuka pale kangaga zilipojaa katika kiwanja chako, maana hapo chini kuna ufa, na shimo lako litaanzia hapo.

Lakini jambo moja usilifanyie mchezo. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Bulengo na Sake, kuna mabonde madogo yenye mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini. Ni hewa ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo inatuama chini kama maji kwenye karai, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Ukiona ndege, mjusi au wadudu wamekufa ndani ya shimo au bondeni, usiingie, usimtume mtoto, usifunge mbuzi hapo. Panda mti wako mahali pa juu.

Hatua ya 1: Chagua mti kwa kazi yake

Kwa kiwanja cha mjini napendelea grevilea. Hauna kivuli kizito, mizizi yake inatafuta nyufa na kushuka, matawi yake ni kuni nzuri, na maua yake ya rangi ya machungwa yana asali inayowaita nyuki na chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda. Mvumu, ambao wengi hapa wanauita umuvumu, ni ndugu wa mkuyu na unashika jiwe kuliko mti wowote ninaoujua. Parachichi panda tu kama una udongo wa kutosha, la sivyo utapata majani bila matunda.

Mkaratusi usiupande karibu na nyumba wala karibu na sitaani (tangi) ya maji. Unakunywa sana. Mahali pake ni shamba la miti nje ya mji, kwa ajili ya mbao na makala, yaani makaa ya kupikia, na huko nauunga mkono kwa moyo wote. Makala mengi tunayopikia Goma yametoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo sokwe wa milimani wanaishi. Kila gunia linalotoka kwenye shamba la mtu ni gunia ambalo halikutoka kwao.

Hatua ya 2: Mbegu

Mbegu ya grevilea inataka jicho. Tunda lake ni dogo, kama mtumbwi wenye mkia, na ndani mna mbegu moja au mbili bapa zenye bawa jembamba. Likiwa kijani bado ni changa. Likiwa jeusi limeshapasuka na mbegu imepeperuka. Unalitaka pale linapoanza kugeuka rangi ya kahawia, na siku hizo ni chache, hivyo pita chini ya mti kila asubuhi. Anika matunda kivulini juu ya kitambaa mpaka yapasuke yenyewe. Zisia mapema, kwa sababu mbegu hizi hazivumilii kukaa muda mrefu ndani ya nyumba.

Mvumu hauhitaji mbegu. Kata kijiti kinene kama kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu au mbili, kiache kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha kizike sentimita 50. Parachichi: kokwa safi, upande mpana chini, ncha juu.

Hatua ya 3: Kitalu

Sia grevilea mwezi wa nne ili miche iwe tayari mwezi wa tisa. Mchanganyiko wangu ni makarai matatu ya udongo, moja la samadi ya sungura au mbuzi iliyooza vizuri, na moja la mchanga mweusi wa volkano. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Ishike mkononi: ikiwa bado ina joto au inanuka mkojo, subiri.

Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini kwa amri ya serikali ya Desemba 2017, na kwa kweli hatuihitaji. Chukua makopo ya maziwa na chupa zilizokatwa, utoboe chini, au maganda ya mgomba yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Ganda la mgomba ndilo ninalolipenda, kwa sababu unalizika pamoja na mche na mzizi haushtuki.

Tengeneza kivuli cha majani kimo cha kiuno. Mbegu zitaota kati ya wiki mbili na nne. Mwagilia asubuhi kwa kopo lenye matundu madogo, na kama unaweza tumia maji ya mvua. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi, na ukiyatumia kila siku utaona utando mweupe juu ya udongo wa kopo. Mwezi wa mwisho punguza kivuli kidogo kidogo ili mche ulizoee jua.

Hatua ya 4: Shimo

Hapa tusimame. Shimo lianze kuchimbwa mwezi wa saba au wa nane, wakati miche bado iko kitaluni. Unahitaji baramini, yaani mtaimbo, nyundo nzito, na kitu cha kukinga macho. Kipande cha lava kinachoruka ni kama kioo.

Juu kuna kokoto legelege, ziondoe kwa mikono. Chini yake utakuta jiwe lililoshikana. Usilipige katikati. Weka ncha ya baramini kwenye ufa, gonga, sogeza, gonga tena, mpaka usikie sauti ikibadilika kutoka ile kali ya chuma na kuwa nzito, kama mtungi uliopasuka. Hapo jiwe limekubali. Fika sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Najua ni siku mbili za kazi kwa shimo moja. Fanya mashimo mawili yaliyo kamili, uache kumi ya juujuu.

Kisha mimina bidoni (dumu) moja ya lita 20 ndani yake uangalie. Maji yakipotea papo hapo, mti wako utakufa njaa na kiu, maana udongo wote utafuata maji chini kwenye nyufa. Ziba sehemu ya chini kwa mawe madogo, juu yake magome ya mgomba, matambara ya pamba au majani makavu, usindilie kwa miguu. Maji yakituama siku nzima, vunja ufa mwingine. Unachotaka ni maji yanayoshuka polepole.

Jaza tabaka kwa tabaka: udongo, taka za jikoni (maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya muhogo tunayoyaita sombe), udongo tena, samadi. Usitie plastiki wala betri. Acha liive wiki nne au zaidi. Litashuka, uliongeze.

Hatua ya 5: Siku ya kupanda

Usikimbilie mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa. Subiri mpaka mvua zishikane, udongo uwe umelowa mpaka urefu wa kiwiko. Panda jioni. Mzizi mkuu ukiwa umejikunja chini ya kopo, kata sehemu iliyojikunja kwa wembe, la sivyo mti utaanguka ukiwa mkubwa. Shina likae usawa lilivyokuwa kitaluni.

Zungushia majani makavu kama matandazo. Mawe meusi yasiguse shina: saa sita yanakuwa moto kama sufuria na gome linaungua kwa chini bila wewe kuona.

Hatua ya 6: Mbuzi

Mwaka mmoja nilimwendea jirani yangu nikiwa na hasira. «Mama, mbuzi wako amekula miche yangu mitatu.» Akanikaribisha kiti, akaniambia: «Pole, mtoto wangu. Lakini mbuzi haelewi maneno. Tia miiba.» Alikuwa na haki. Mbuzi hana kosa, ni njaa yake. Kila mche uzungushiwe vijiti na miiba, kimo cha kifua, siku ileile unapopanda. Mama huyo sasa ananiachia samadi, nami nampelekea matawi ya kulisha mbuzi.

Hatua ya 7: Kiangazi cha kwanza

Kuanzia mwezi wa sita, panga bidoni moja kwa kila miti minne, mara mbili kwa wiki. Goma haina mto, na kila bidoni imebebwa na mtu au chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kwa hiyo lisipotee hata tone. Chukua chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa msumari mwembamba, ikate kitako, uizike kichwa chini kando ya mche. Mimina humo, na maji yatafika kwenye mzizi badala ya kukaushwa na jua. Maji ya kuoshea mboga yanafaa. Yenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hayafai.

Volkano ikitupa majivu, osha majani mapema asubuhi kwa maji kidogo. Majivu yakikaa yakapata umande, yanaacha madoa ya kahawia yenye matundu.

Mti ukivuka kiangazi hicho ukiwa na majani mapya mwezi wa tisa, umeshika. Kiangazi cha pili upe maji mara moja tu kwa wiki.

Hatua ya 8: Kupogoa

Mwaka wa tatu, kata matawi ya chini ya grevilea, yasizidi theluthi moja ya mti. Tumia msumeno, usivunje. Kabla ya kukata, angalia kwanza kama hakuna kiota. Ukikuta mayai au makinda, ngoja wiki chache. Matawi yakikauka ni kuni za siku kadhaa, na kila kuni ni makala ambayo hukununua.

Majani yaliyobaki usiyafagie wala kuyachoma. Yapeleke kwenye shimo linalofuata, lile ulilolianza mwezi wa saba, uyasindilie chini kabisa juu ya mawe madogo, kabla mvua haijafika.