SOMO: Mito na barabara laini za meza ya vita (soma lote kabla hujafungua kopo la rangi)

Naandika mara moja ili nisiandike tena. Kila anayenunua vile vipande laini vya kutandika kwenye meza ya mchezo wa vita vya visanamu, iwe mfano wa mto wa maji, barabara au mtaro, ananiletea ujumbe uleule: "Mkuu, mbona mto wangu unanata?" Unanata kwa sababu ulipaka rangi bila kujua umenunua kitu gani.

Mifano yangu ni ya meza ya vita vya Tanga, Novemba 1914 (Waingereza na askari wao wa Kihindi dhidi ya Wajerumani), visanamu vya kimo cha milimita 28, kwa kuwa ndiyo ninayoijenga sasa. Wa Waterloo na wa Stalingrad nao wamo, kanuni ni moja.

1. Tandua vipande, vilale bapa usiku kucha. Kilichokaidi kipashe kwa draya, kisha kibane chini ya vitabu mpaka kipoe.

2. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki. Kiwandani kalibu hupakwa dawa ili kipande kibanduke, na dawa hiyo ikibaki, rangi haishiki.

3. Tambua malighafi. Hapa tulia. Vya madukani vingi ni lateksi, silikoni au PVC laini. Lateksi ina harufu ya mpira, na ukiivuta inarudi. Silikoni hainuki, na tone la rangi likikauka juu yake unalibandua kwa ukucha. PVC laini ina ile harufu kali ya plastiki mpya.

PVC ndiyo iliyonilia mto mzima. Ndani yake mna kemikali ya kuilainisha, nayo haitulii: hupanda juu kidogo kidogo, ikikutana na rangi ya kupuliza au ya mafuta huifanya inate miezi na miezi. Mkono wa pili wa rangi hausaidii. Vanishi ya kupuliza inazidisha. Tinna usiikaribishe kabisa. Na hasara haiishii kwenye rangi, kwani kemikali hiyo hula polistirini, plastiki ya visanamu vingi vya siku hizi. Umewahi kuona rula iliyoachwa na raba ya kufutia juu yake ndani ya mkebe? Ndivyo vitako vya askari wako vitakavyokuwa ukiwaacha wamesimama kwenye mto mtupu wiki nzima. Kwa hiyo PVC ni akriliki ya maji tu, kwa brashi, kuanzia mkono wa kwanza hadi vanishi.

Silikoni usiipake chochote. Nunua iliyotiwa rangi kiwandani. Lateksi inakubali akriliki, ila iepushe na jua na mafuta, vinginevyo itapasuka.

4. Rangi: kahawia nzito chini, kisha brashi kavu (iliyofutwa mpaka ibaki na rangi kidogo tu) yenye rangi ya vumbi juu. Mikono myembamba.

5. Maji ya mto: vanishi ya maji inayong'aa. Usimimine rezini, ikikauka ni ngumu na kipande kikikunjwa inavunjika.

6. Hifadhi bapa, kila kipande na karatasi yake katikati.

MASWALI

Mdau wa Dodoma: Mkuu, rangi ya kupuliza ya magari inafaa? Nina mechi Jumamosi.

— Hatua ya 3.

Mdau wa Dodoma: Nimeona, ila fundi wa bodi kaniambia itashika.

— Itashika. Na vidole vyako itavishika.

Mdau wa Mombasa: Kaka, habari za kazi. Barabara niliyonunua ina sentimita 5, gari la ng'ombe linaijaza yote. Nirudishe dukani?

— Nzuri dada. Hiyo imekusudiwa visanamu vya milimita 15. Kwa 28 tafuta ya 8 hadi 10. Lakini usiirudishe. Wanajeshi wa Kihindi walioshuka Ras Kasone walipenya mashamba ya mpira na mahindi wakapoteana humo, kwa hiyo kijia chembamba ndicho hasa unachokitaka. Ile pana iweke moja tu, ya kuingilia mjini.

Mdau wa Muscat: Na ule mtaro wa reli uliokuwa kabla ya kuingia mjini? Kipande laini hakiwezi kuzama chini ya meza.

— Hakizami, wewe inua ardhi. Panga mbao za stairofomu pande mbili, acha mfereji katikati, tandika mkeka juu, kisha laza kipande cha reli ndani. Ulaini wake unafaa hapa, kinafuata mteremko bila kuacha upenyo. Usiuache mtaro huo, ndipo walinzi walipojikita. Reli ya Usambara ilikuwa ya mita moja. Visanamu vya milimita 28 ni kipimo cha 1:56, na ukigawa mita hiyo kwa 56 ni karibu milimita 18, kwa hiyo reli za HO (saizi ya treni za mfano) za milimita 16.5 zinatosha, hakuna atakayepima. Wa visanamu vya milimita 15 achukue za N, saizi ndogo zaidi, milimita 9.

Mdau wa Muscat: Ahsante sana. Reli unazigandisha kwa gundi gani?

— Ya akriliki inayobaki laini, ile ya kuzibia nyufa za madirisha. Angalia kopo liseme inapakika rangi.

Mdau wa Mombasa: Na wale nyuki waliowavamia askari kwenye vita vya Tanga mmewaweka vipi?

— Pamba kidogo iliyopakwa kahawia, juu ya pini. Kanuni yangu: anayefyatua bunduki karibu na mzinga anarusha dadu, ikitoka 1 kikosi kilicho karibu zaidi kinakimbia, awe Mwingereza au Mjerumani.