Somo: Choo cha karavani bila dawa ya buluu

Msimu wa karavani, zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari, umekaribia hapa Uingereza na maswali yameshaanza: "Dada, ile dawa ya buluu nikiikosa nitie nini?" Nimeona nijibu kwa kirefu mara moja. Jibu la haraka la "tia jiki tu" limeumiza watu, na mimi ni mmojawapo.

Kwa wasiokijua choo chenyewe: karavani nyingi za Ulaya hazina bomba la maji taka linalokwenda popote. Chini ya bakuli kuna tangi la plastiki la kuchomoa, tunaliita kaseti, linachukua kama lita 17 mpaka 20. Kati ya bakuli na kaseti kuna kifuniko cha kuteleza kinachokaa juu ya pete ya mpira mweusi. Kaseti ikijaa unafungua kijimlango cha nje, unaivuta kama droo, unakwenda kuimwaga mahali palipotengwa kambini. Dawa ya buluu ndiyo inayotiwa mle ndani kuzuia harufu na kulainisha vitu.

Hatua ya 1: Jua kinachonuka

Harufu ni mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza inatoka kwenye mkojo. Mkojo una urea, bakteria wanaivunja, inatoka amonia, ile inayochoma pua kwenye vyoo vya stendi. Kadiri amonia inavyozidi, maji ya kaseti yanaacha kuwa na tindikali, yanahamia upande wa besi, yaani kinyume cha tindikali, na hapo amonia inapanda hewani kwa urahisi zaidi. Harufu ya pili ni ya yai viza. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inatengenezwa na bakteria wanaofanya kazi pasipo hewa.

Joto linaziongeza zote mbili. Kwa hiyo kabla hujatia chochote, egesha karavani ili upande wa kaseti usipigwe na jua la mchana. Hili halikugharimu hata senti moja na linasaidia kuliko watu wanavyodhani, hasa ukishuka Ufaransa au Hispania mwezi wa 8.

Hatua ya 2: Jua unapomwaga

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye sababu yangu ya kuandika.

Dawa za zamani zilijengwa juu ya fomaldehaidi. Ni ileile ambayo ikiyeyushwa majini tunaiita fomalini, inayohifadhi maiti mochwari. Inazuia harufu kwa kuua kila bakteria. Mwaka 2004 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Dawa nyingi za leo zimeiacha, lakini nyingine zina bronopoli, ambayo ikivunjika hutoa fomaldehaidi hiyohiyo. Soma chupa. Ukitaka dawa ya dukani isiyo na kasheshe, tafuta yenye alama ya Blauer Engel, alama ya mazingira ya Ujerumani.

Sasa, ukimwaga kwenye kambi kubwa iliyoungwa na mfumo wa maji taka wa mji, dawa yako inachanganyika na maji ya maelfu ya nyumba. Lakini wengi wetu tunapenda yale mashamba madogo yanayopokea karavani 5 tu. Pale hakuna bomba la mji. Kuna karo, tangi la maji taka lililofukiwa ardhini, kama lile la nyumbani kwa bibi, na karo linaishi kwa bakteria. Hao ndio wanaokula uchafu.

Kiangazi kimoja tulikaa shamba la aina hiyo huko Wales. Mama mwenye shamba alinishika mkono akanipeleka nyuma ya banda, akanionyesha kifuniko cha karo na unyevu uliokuwa umezunguka majani. Wageni wa wiki zilizopita walimwaga dawa kali, karo likafa, likaanza kufurika, akaita gari la kunyonya. Alinieleza bila ukali wowote. Nilimwangalia mikono yake, mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, nikaona aibu, maana kaseti yangu nayo ilikuwa ya buluu. Tangu siku ile najiuliza swali moja kabla ya kutia kitu: je, karo la mwenyeji wangu litaweza kukila?

Hatua ya 3: Chagua

Sabuni ya maji ya kufulia yenye vimeng'enya. Hii ndiyo ninayoitumia siku nyingi. Kwa Uingereza ni ile inayoandikwa "bio" kwenye chupa. Ile ya "non-bio" haina vimeng'enya. Vimeng'enya havina uhai, ni protini zinazokata protini, wanga na mafuta, kwa hiyo vinalainisha haja kubwa na kuifanya ishuke vizuri wakati wa kumwaga. Tena vingi vimetengenezwa kufanya kazi kwenye maji yenye besi, ambayo ndiyo hali ya kaseti yenye mkojo. Lakini tusidanganyane: sabuni hii haizuii amonia, inaifunika kwa manukato tu. Wala si kitu cha asili. Ila karo linaizoea, kwa sababu ni maji ya kufulia yaleyale yanayoingia kila siku.

Ndimu ya unga. Hii tunaijua jikoni, tunaitia kwenye achari. Ni tindikali, na tindikali inaishika amonia isiruke, na inawachelewesha bakteria wanaovunja urea. Kama choo chenu kinatumika zaidi kwa haja ndogo usiku na mchana mnatumia vyoo vya kambi, ndimu ya unga inashinda sabuni. Pia inayeyusha yale magamba ya chokaa na mkojo yanayoganda ndani ya kaseti, hasa kusini-mashariki mwa Uingereza ambako maji ni magumu.

Msitie vyote viwili pamoja mkidhani mtapata faida mara mbili. Tindikali inavivunja nguvu vimeng'enya. Chagua kimoja kwa safari moja.

Siki inafanya kazi ya ndimu, ila ni nyepesi, utatia nyingi, na karavani itanuka kachumbari. Magadi ya kuokea keki yanafaa kusugua bakuli. Kwenye kaseti yanaongeza besi, yaani yanaisaidia amonia itoke. Na ile ya kutia magadi na siki kwa pamoja, mkaona povu, mkasema inafanya kazi: hivyo viwili vinauana, vinabaki maji na chumvi, na gesi yake inajaa ndani ya tangi mlilolifunga.

Jiki, hapana. Nilitia jiki msimu wetu wa kwanza. Klorini yake ikikutana na amonia ya mkojo inatoa mvuke wa sumu, na ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini yenyewe. Nilifungua kifuniko usiku nikakohoa mpaka machozi, mtoto wangu akiwa amelala mita mbili kutoka hapo. Baada ya wiki kadhaa ile pete ya mpira ikawa ngumu kama ukucha, na asubuhi moja nikakuta tone moja la kahawia sakafuni, kisha jingine. Jiki haina nafasi kwenye choo hiki, iwe kidogo au nyingi.

Hatua ya 4: Vipimo

Tia maji lita 2 kwenye kaseti tupu kwanza. Hii wengi wanairuka. Pasipo maji kitu cha kwanza kinagandia chini, na hakuna sabuni itakayokitoa.

Kisha tia sabuni kama mililita 60, kikombe kidogo cha kahawa. Ukizidisha, povu litakusumbua siku nzima unaposuuza. Kama ni ndimu ya unga, vijiko 3 vya chakula, iyeyushe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Vidonge vya kufulia vile laini viacheni, ngozi yake inaweza kunata kwenye mpira. Karatasi iwe nyembamba inayoyeyuka haraka. Jaribu nyumbani, iweke kwenye glasi ya maji utikise.

Mwaga kila baada ya siku 2, hata kama haijajaa. Siku 3 ndiyo mwisho. Vitu vya jikoni havina nguvu ya kuua, kwa hiyo uhodari wako ni kumwaga mapema.

Hatua ya 5: Kumwaga na mpira

Vaa glavu. Elekeza shingo ya kaseti chini, ndipo ubonyeze kitufe cha hewa na uendelee kukishika; maji yatatoka taratibu bila kurukaruka. Suuza mara 2 au 3 kwa bomba lililowekwa kwa kazi hiyo. Bomba la maji ya kunywa usiliguse. Kamwe usimwage kwenye mtaro wa mvua, hata kama umetia ndimu tupu, kwa sababu mtaro ule unakwenda mtoni moja kwa moja.

Mara moja kwa mwezi futa ile pete ya mpira kwa kitambaa chenye maji, ikauke, paka mafuta ya silikoni au mafuta ya zeituni kidogo kwa kidole. Vaselini haifai, inauharibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto watatu, Birmingham: Shikamoo dada. Sisi tunatumia kopo kama kawaida yetu, karatasi peke yake hatuwezi. Kaseti inajaa siku moja. Tufanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Na sisi ni hivyohivyo. Kopo la nyumbani ni lita moja na zaidi, na mko watu watano, hesabu yenyewe inakataa. Chukua chupa ya nusu lita yenye mdomo mwembamba, ile ya kubinya. Maji yanakwenda unapoyataka na nusu lita inatosha watu wawili. Faida mliyo nayo ni kwamba karatasi zenu ni chache, na maji yanalainisha. Ila kwa kuwa yanapunguza nguvu ya sabuni, msingoje siku ya pili.

Mjomba, Leicester: Zamani kijijini tulimwaga majivu chooni na harufu ikakatika. Kwa nini usiyataje?

Shikamoo mjomba. Uliyoyaona ni kweli kabisa. Shimo la kijijini ni kavu, maji yanazama ardhini. Majivu yanakausha kinyesi na kuwazuia nzi. Kaseti ni tangi la maji. Majivu yana besi kali, yatairusha amonia yote juu, na changarawe zake zitakwaruza pete ya mpira. Palepale shimoni ndipo mahali pake.

Kaka wa Arusha: Natembeza wageni, kwenye gari nina choo cha kubeba cha aina hiyohiyo. Huku nitumie sabuni gani, na je, ikiwa na sabuni tu naweza kumwaga porini?

Kaka, sabuni ya unga inafaa. Angalia pakiti kama imeandikwa ina vimeng'enya, iyeyushe kwanza kwenye maji, ikitiwa kavu inaganda chini. Kumwaga porini hapana, hata kidogo. Kinachodhuru mto ni kinyesi chenyewe zaidi ya dawa. Zungumza na kambi au loji unazolala wakuruhusu utumie karo lao, na ukiwaambia hutii dawa ya kuua, watakubali kwa urahisi zaidi.

Mwanachama wa Minnesota: Gari letu lina tangi kubwa la kudumu, zaidi ya lita 100. Vipimo vyako nizidishe tu?

Zidisha maji kuliko sabuni. Kosa la tangi kubwa ni kuiacha vali ya kumwagia wazi kambini: maji yanakimbia, kinyesi kinabaki na kuwa kichuguu. Funga vali, subiri mpaka theluthi mbili ijae, ndipo ufungue kwa mkupuo.

Shemeji, Reading: Kuna feni ya kuvuta hewa ya kaseti, inafaa?

Ile ya Kijerumani inayoitwa SOG, shemeji, inafaa sana. Ukifungua kifuniko inavuta hewa nje, na unaweza kukaa bila dawa yoyote. Gharama yake ni ya mara moja na inahitaji kutoboa, basi afunge fundi. Jirani wa kambini asiwe upande wa tundu lake.

Mama mdogo, Cardiff: Nisaidie haraka. Nilitia jiki asubuhi kabla ya kusoma somo hili. Sasa nitie ndimu ya unga juu yake?

Usitie! Usitie ndimu wala siki. Toa watoto nje kwanza, fungua madirisha yote na lile la juu ya paa. Chomoa kaseti kwa nje, usiinamie shingo yake unapofungua, imwage mahali palipotengwa kambini, suuza kwa maji matupu mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Mtu akikohoa bila kukoma au kifua kikimbana, piga 999. Nijulishe.

Mama mdogo, Cardiff: Nimesuuza mara 4. Maji yanatoka hayana harufu. Hakuna anayekohoa. Watoto wanauliza kama waingie.

Waingie. Madirisha yabaki wazi mpaka Magharibi, na leo usiku tumieni choo cha kambi.