Wavu wa kuopolea samaki wakubwa wa maji baridi: hatua za kuuchagua ukiwa Nairobi

Watu wanaojiandaa kwenda kuvua kwa mshipi Naivasha, Masinga au Rusinga hunipigia simu kuuliza ufito, rili, unene wa mshipi na chambo. Wavu wa kuopolea huulizwa mwisho, na mara nyingi mtu huwa ameshanunua ule wa kwanza aliouona umening'inia dukani. Mimi huanza na wavu. Samaki wengi wakubwa niliowaona wakipotea, na wengi zaidi niliowaona wakiumia, walifika salama hadi mita mbili za mwisho.

Hilo nilijifunza Naivasha. Karpi aliyenizungusha karibu dakika ishirini alikuja akalala ubavu kando ya boti. Wavu wangu ulikuwa na mdomo wa sentimita 45. Kichwa kiliingia, tumbo likakwama ukingoni, nami nikauinua wavu kwa mpini. Nahodha akapaza sauti, "Mzee, acha mpini, shika mdomo wa wavu!" Kiungo cha plastiki kilikuwa kimeshakatika. Samaki akaondoka na ndoana mdomoni, na kwenye nyuzi za wavu yakabaki magamba yake, safu nzima. Yale magamba yaliniuma kuliko kumkosa.

Hatua ya 1: Mtaje samaki, kisha mpime kwa macho

Usinunue wavu wa "samaki wakubwa". Nunua wavu wa samaki unayemjua. Karpi wa kilo kumi ana urefu wa karibu sentimita 80, lakini ni mnene, na tumbo lake ndilo linalokwama. Kambare wa uzito huohuo ni mrefu zaidi na hujipinda kama mkanda. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, akifika mita moja huwa amepita kilo kumi. Jamii yake imewahi kufikia karibu mita mbili na kilo 200, na kwa samaki wa namna hiyo hakuna wavu wa mkono utakaokufaa. Huyo mwache majini kando ya boti, mtoe ndoana hapohapo.

Kipimo changu ni hiki: upana wa mdomo wa wavu usipungue theluthi mbili za urefu wa samaki. Karpi wa sentimita 80 anataka mdomo wa sentimita 55 kwenda juu. Mbuta wa mita moja anataka 70. Nyavu za pembetatu zilizotengenezewa karpi, zile zenye mikono miwili na kamba mbele, huuzwa kwa inchi. Ukiona 42, hiyo ni karibu sentimita 107, na huyo mbuta wa mita moja ataingia bila shida. Kina cha mfuko nacho kiwe sentimita 60 hadi 80. Ukiwa mfupi kuliko hapo, samaki anapiga mkia mara moja na yuko nje. Ukiwa mrefu sana, anajiviringisha humo hadi mfuko unamfunga kama sanda, na kumtoa kunachukua muda ambao yeye hana.

Anayekwenda kuvua trauti kwenye mito ya Aberdare au Mlima Kenya asinisikilize hapa. Yeye anahitaji wavu mdogo wa kuning'iniza mgongoni.

Hatua ya 2: Jua utakaposimama

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa Ulaya inapotupoteza. Inakwambia uingie majini hadi magotini, upige goti, umvute samaki taratibu. Masinga ina mamba na viboko. Naivasha viboko wamejaa, na mafunjo ya ukingoni yanawaficha hadi uwe karibu mno. Turkana usithubutu. Kwetu mpini mrefu ni wa kukuweka wewe nchi kavu.

Ukivulia ukingoni, chukua mpini wa mita mbili au zaidi, na usimame hatua chache nyuma ya maji hadi dakika ya mwisho. Ukiwa kwenye boti, mita 1.2 hadi 1.5 inatosha. Mrefu zaidi ya hapo utagonga watu na injini. Boti ikiwa na ukingo mrefu juu ya maji, ongeza kidogo, kwa sababu lazima mdomo wa wavu uzame wote.

Hatua ya 3: Weka pesa zako kwenye mfuko

Kama bajeti ni ndogo, punguza kwenye mpini, lakini mfuko usiufanyie ubahili. Mwili wa samaki umefunikwa na ute, na huo ute ndio kinga yake dhidi ya ukungu na vijidudu. Wavu mkavu, wenye fundo, unaukwangua kama msasa. Kisha unachana mapezi katikati ya miiba yake, na samaki unayemwachia akaondoka kwa nguvu anaweza kufa siku kadhaa baadaye ukiwa umesharudi Nairobi na picha zako.

Hili limepimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Amerika Kaskazini walichapisha matokeo ya kulinganisha mifuko ya aina nne: ya mpira, ya nailoni isiyo na fundo, na miwili ya nailoni yenye fundo. Walitumia samaki mdogo wa maji baridi aitwaye bluegill. Mifuko yenye fundo iliumiza na kuua zaidi kuliko ule wa mpira na ule usio na fundo. Samaki waliotolewa bila wavu wowote hawakufa. Ninalochukua hapo ni mambo mawili: chagua mfuko mzuri, na kama samaki ni mdogo wa kutolewa kwa mkono uliolowa, usitumie wavu kabisa.

Sasa, aina zenyewe. Mpira mtupu ndio mpole kuliko wote, na ndoana ya makucha matatu haiingii ndani yake ikakataa kutoka. Ubaya wake ni uzito. Wavu wa mpira wenye mdomo wa sentimita 70 utakuchosha mkono, na kwenye mkondo unavutwa. Nailoni isiyo na fundo iliyopakwa mpira ni nyepesi zaidi, na ndiyo ninayowashauri wengi. Nailoni laini isiyo na fundo na isiyopakwa kitu inamfaa karpi, ila ukivua kwa chambo bandia chenye ndoana nyingi utakaa dakika kumi ukichomoa moja baada ya nyingine huku samaki akihangaika.

Wavu wa uzi mmoja unaong'aa, ule wa monofilamenti, usiufanye mfuko hata ukipewa bure. Unakata nyama kama waya. Isitoshe, nyavu za monofilamenti zimepigwa marufuku katika uvuvi wa Kenya, na hutaki kuanza kumweleza afisa wa uvuvi kwamba kipande chako ni cha kuopolea tu.

Angalia pia ukubwa wa matundu. Karpi ana mwiba wenye meno kama msumeno mbele ya pezi la mgongoni. Kambare ana miiba ya namna hiyo kwenye mapezi ya kifuani. Mbuta ana miiba mikali mgongoni na ncha kali kwenye kifuniko cha matamvua. Wote watatu hunasa kwenye tundu kubwa. Mimi hujaribu kwa kidole: kidole cha mwisho kipite, kidole gumba kisipite. Kisha nalowesha mfuko kwa maji na kuusugua upande wa ndani wa kifundo cha mkono, mahali ngozi ilipo laini. Ukiniwasha, naurudisha.

Hatua ya 4: Mpini na kiungo

Fikiria una samaki wa kilo kumi kwenye wavu wa mita 1.8. Mkono mmoja uko mwisho wa mpini, wa pili uko sentimita 45 mbele yake. Ukimwinua samaki hewani hivyo, mkono wa mbele unabeba kilo 40, na wa nyuma unasukuma chini kwa kilo 30, na uzito wa wavu wenyewe hatujauhesabu. Uzito wote wa samaki, na sehemu ya kupinda huko, hupita kwenye kiungo kati ya mpini na fremu, ambacho mara nyingi ndicho dhaifu. Ndiyo maana kiungo ndicho kinachovunjika, hata kama aluminiamu yenyewe ni nene.

Kwa hiyo kikague kiungo kwa makini. Cha chuma au aluminiamu ni bora kuliko cha plastiki. Kama kuna skrubu, ziwe za kufunguka na kukazwa upya, zisiwe ribiti ndogo zilizopigwa mara moja. Tikisa wavu dukani. Ukisikia kitu kinacheza, kitacheza zaidi Jumamosi. Mpini wa bomba linaloingia ndani ya jingine uwe na kitufe kinachotokeza kwenye tundu. Zile za kukaza kwa kuzungusha zikiingia mchanga au tope hazishiki tena.

Hatua ya 5: Utaufikishaje huko?

Kama una gari, ruka hatua hii. Kama unapanda matatu za Naivasha mjini, mpini wa mita mbili usiokunjika utakuwa ugomvi na makanga kabla hata hujaketi. Tafuta mpini wa vipande viwili, na fremu inayokunjika katikati au kutoka kabisa. Pima urefu wake ukiwa umekunjwa: chini ya sentimita 90 unakaa katikati ya magoti yako.

Hatua ya 6: Kununua, au kumpelekea fundi

Nyavu za kiwango nilichokieleza hazijajaa madukani Nairobi, na fremu kubwa ndiyo adimu zaidi. Njia ambayo imenifaa ni kununua mfuko mzuri peke yake, hata kama ni kuagiza, kisha kumpelekea fundi wa jua kali Kamukunji atengeneze fremu. Mafundi wa pale wanapinda chuma mchana kutwa. Ila mweleze kwa mchoro, na upeleke mfuko wenyewe ili apime.

Nilivyomwambia wangu ni hivi: "Fundi, nataka mviringo wa aluminiamu, upana sentimita 70, mbele kuwe bapa kidogo ili kulale sawa kwenye ukingo wa boti. Usiniachie ncha yoyote ndani." Akanishauri aongeze kipande cha bomba ndani ya mpini pale unapoungana na fremu, sentimita 20 hivi. Ushauri huo ni wake, na ndio uliofanya wavu udumu. Mwombe apige tupa kila mshono wa kuchomelea mpaka kitambaa kipite bila kunasa. Kisichonasa kitambaa hakitakata mfuko wala pezi.

Hatua ya 7: Ujaribu kwa mtungi wa maji

Lita moja ya maji ni kilo moja. Jaza mtungi wa lita kumi, uweke ndani ya mfuko, shika mdomo wa wavu pande mbili kwa mikono yote na uinue. Ning'iniza hivyo dakika kumi kwenye kamba ya kuanikia iliyo imara au kwenye boriti. Kisha kagua mshono unaoushika mfuko kwenye fremu, tundu kwa tundu. Unayelenga mbuta, rudia kwa mtungi wa lita 20. Kama kuna kitu cha kukatika, heri kikatike juu ya paa la nyumba yenu Umoja kuliko katikati ya ziwa.

Hatua ya 8: Namna ya kumwingiza

Wavu bora mikononi mwa mtu mwenye haraka ni hatari tupu. Uloweshe wavu kwanza. Uzamishe mapema na uutulize. Mwenye ufito ndiye anayemleta samaki juu ya wavu. Anayeshika wavu hamkimbizi samaki hata hatua moja. Kichwa kitangulie, kwa sababu samaki akishtuka hukimbia mbele, na mbele ni ndani ya mfuko. Ukimgusa mkia kwanza, umemsukuma nje.

Akishaingia wote, inua mdomo wa wavu uwe juu kidogo ya maji, na umwache humo apumue. Andaa koleo, mizani na kamera samaki akiwa bado majini. Kisha acha mpini, shika fremu pande mbili, na umlaze juu ya kipande cha sponji kilichofunikwa turubai na kuloweshwa. Ukitaka kumpima, mpime ndani ya mfuko, halafu utoe uzito wa wavu uliolowa. Usimning'inize mbuta mzito kwa taya. Uti wake wa mgongo na matumbo yake havikuumbwa kubeba uzito huo nje ya maji.

Hatua ya 9: Uoshe kabla ya ziwa jingine

Naivasha kuna gugumaji na kamba wekundu wa kigeni. Kipande cha mzizi au kijidudu kinaweza kusafiri ndani ya mfuko mbichi hadi bwawa la mtu Kiambu. Kung'uta hukohuko ziwani, suuza kwa maji safi nyumbani, kausha hadi ndani ya mshono. Tundika kivulini, maana jua kali huufanya uzi wa nailoni kuwa mkavu na wa kukatika. Panya hupenda harufu ya ute, kwa hiyo mimi huutundika juu, mdomo ukitazama chini, na Ijumaa jioni kabla ya safari nakaza skrubu mbili za kiungo na kupitisha kidole kwenye mshono wote.