Kifuniko chembamba cha chujio la hewa: mambo ya kupima kabla hujanunua

Kwenye pikipiki kubwa za safari zenye injini ya silinda mbili za umbo la V, hasa Harley-Davidson, chujio la hewa limejitokeza upande wa kulia, pale pale goti linapotaka kukaa. Safari ikiwa ndefu, goti lililosukumwa nje huichosha nyonga, na mguu wa breki ya nyuma hukaa mshazari. Kiwanda chenyewe kililiona hilo: injini ya Milwaukee-Eight ilipoanza kufungwa kwenye modeli za safari za 2017, chujio lilipunguzwa unene ili mguu upate nafasi. Anayetafuta kifuniko chembamba basi hafuati urembo tu. Lakini ule unene unaoondolewa ulikuwa na kazi yake, ndiyo maana nasisitiza vipimo vitangulie pesa.

Anza na mwili wako. Panda pikipiki ukiwa umevaa buti na suruali unazosafiria, mtu mwingine akushikie isimame wima, kisha weka mguu wa kulia kwenye pedali ya breki kama uko barabarani. Apime nafasi iliyopo kati ya kifuniko na goti, halafu kati ya kifuniko na muundi. Kama una vikanyagio vya mbele, rudia mguu ukiwa huko. Angalia kwa makini kinachokugusa ni kipi hasa. Vifuniko vingine hupunguzwa unene katikati tu, ukingo ukabaki ulivyokuwa, na pengine ukingo huo ndio unaokusumbua. Kata kadibodi kwa umbo na kina cha kifuniko unachokitaka, ishikizwe mahali pake, ukae tena. Dakika chache hizo zitakuambia mengi kuliko picha yoyote ya muuzaji.

Sasa hewa, na hapa usiwe na haraka. Lita 1 ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa ili iungue vizuri, na hewa yote hiyo inapita kwenye chujio. Katika miundo mingi kifuniko ni kipande kizima kisicho na tundu, hewa huingia kwa pembeni kupitia mwanya ulio kati yake na bamba la nyuma, lile linaloshikilia chujio kwenye injini. Tuseme mdomo wa injini wa kuingizia hewa una kipenyo cha milimita 55: eneo lake ni kama milimita za mraba 2,376. Kifuniko cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 150 kikiacha mwanya wa milimita 5 pande zote, eneo la kuingilia hewa ni kama 2,356 tu, yaani chini kidogo ya mdomo wenyewe. Huo ni mwanya finyu mno. Binafsi nisingekubali chini ya milimita 10, kwa sababu hewa inayokunja kona kuingia chujioni hupoteza nguvu njiani.

Uliza pia kama kifuniko kinatumia chujio ulilo nalo au kinadai jembamba zaidi. Chujio jembamba lina eneo dogo la kunasa vumbi, litajaa mapema, na kwenye barabara za vumbi litataka kusafishwa mara kwa mara. Ukipata nafasi ya kukijaribisha, bandika vibonge vya plastisini juu ya chujio, funga kifuniko, fungua, upime vilivyobanwa. Chujio lililobanwa hujikunja, na likijikunja huacha upenyo wa vumbi kuingia injini bila kuchujwa.

Jambo linalosahaulika sana ni mvuke wa oili. Kwenye injini za Harley za Twin Cam (zilizotangulia) na Milwaukee-Eight, injini hupumua kupitia vichwa vya silinda, na mvuke huo huelekezwa kwenye chujio. Ukibadilisha bamba la nyuma pia, hakikisha jipya lina njia hizo. Kamwe usizizibe: shinikizo litajaa ndani ya injini na kusukuma oili kwenye gasketi na sili. Chujio likiwa limeloa oili tayari, tafuta kwanza sababu, ukianza na kiwango cha oili. Kifuniko kipya hakitaliponya.

Wanaosafiri msimu wa mvua wafikirie soksi ya chujio, yaani kitambaa cha kulivika chujio lisilowe. Chujio la karatasi likilowa hupitisha hewa kwa shida, nayo soksi inahitaji nafasi ile ile unayotaka kuiondoa.

Bolti zinastahili umakini. Kifuniko chembamba mara nyingi huhitaji bolti fupi. Ile ndefu ya zamani itagota mwisho wa uzi, mkono utahisi imekaza, kumbe kifuniko chenyewe kinacheza. Hakikisha kimekuja na bolti zake, tia gundi ya kuzuia bolti zisilegee, na kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki. Kifuniko kikichomoka kwa mwendo wa kasi kinaweza kumwumiza abiria wako au aliye nyuma yenu.

Ikiwa unabadili kifuniko peke yake, chujio lile lile na mwanya wa kutosha, kwa kawaida kompyuta ya injini haihitaji kuguswa. Chujio linalopitisha hewa nyingi zaidi ni habari nyingine: mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kuwa na petroli pungufu, kwa hiyo ulizia ramani ya mafuta, yaani mpangilio wa kompyuta unaoamua kiasi cha petroli. Walioko California waangalie pia kama chujio na bamba vina idhini ya CARB, mamlaka ya jimbo hilo inayosimamia uchafuzi wa hewa.

Rangi na kromu chagua upendavyo.

Usikifunge usiku wa kuamkia safari. Kifunge siku kadhaa kabla, zunguka nacho karibu, acha injini ipoe, kisha kagua bolti, pitisha kidole chini ya ukingo kuona kama kuna oili, na utazame suruali, upande unaoelekea kifuniko, kama kuna alama ya msuguano.