Peugeot 504 au Corolla 110? Ninavyozipima

Mpwa wangu yuko Korogwe. Wiki moja madalali wawili walimwandama: mmoja ana Peugeot 504 ya 1980, mwingine Corolla 110 ya 1998 iliyokuwa Tanga mjini, bei zikikaribiana. "Mjomba, ipi nzima?" Nikamwambia hakuna nzima hapo. Tutafute kila moja inaumwa nini, na dawa yake shilingi ngapi.

Nenda asubuhi, uguse boneti kwanza. Ukiikuta ya moto, dalali keshaipasha, rudi kesho. 504 ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa bila kompyuta) ikikohoa kidogo kabla ya kutulia, isamehe. Corolla hii mafuta yake yanapimwa na kompyuta, kwa hiyo kikohozi ni ugonjwa. Fungua swichi bila kupiga stata: taa ya cheki injini iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaichezea.

Moshi wa bluu maana yake inakula oili, na hapo ndipo magari haya yanapoachana. 504 silinda zake ni slivu za kuchomoa, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka. Fundi anapachika slivu na pistoni mpya, kazi imekwisha. Corolla bloku lake, yaani mwili wa injini wenye silinda, huchongwa, na wengi hawahangaiki, wanatafuta injini ya mtumba. Uliza gharama zote mbili kabla hujabishania bei ya gari. Tena kuendesha vali kwa wakati wake, 504 hutumia cheni ya taimingi, Corolla mkanda. Muuzaji asipojua mkanda ulibadilishwa lini, hesabu na gharama ya mkanda mpya.

Gari la pwani lifunue mazulia, utafute kutu.

Kisha twende Mombo. Corolla huvutwa na tairi za mbele: kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole, ukisikia ta-ta-ta, sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi ya mbele, imekwisha. 504 husukumwa na za nyuma, basi sikiliza kama difu, gia za ekseli ya nyuma, inavuma. Baada ya hapo pandisha Lushoto, jicho kwenye geji ya joto. Wazee watakukumbusha 504 ilishinda mbio za magari za Safari Rally 1975 na 1978. Kweli, ila zile zilikuwa mpya na zikifuatwa na mafundi.

Mpwa wangu alichukua Corolla, maana spea zake anazipata palepale Korogwe. Ile 504 bado ipo. Dalali ameshusha bei mara mbili, nami nimeshapita kuitazama mara tatu.