Changanyia kwenye bakuli, siyo kwenye chupa

Wapendwa mnaoongeza asali, alovera, parachichi au tui la nazi kwenye shampuu, nawaomba sana msivimimine kwenye chupa. Dawa ya kuzuia kuoza iliyomo humo imepimwa kwa ajili ya shampuu yenyewe. Ukiongeza chakula na maji yake, unaipunguza nguvu na papo hapo unawalisha bakteria na kuvu. Hata asali, ambayo ikiwa peke yake hukaa miaka, ikishaingia maji huweza kuchacha.

Niliwahi kutia ute wa alovera kwenye chupa nzima. Siku chache tu za joto la bafuni, nikafungua kifuniko nikakutana na harufu ya uji uliolala, na shingoni mwa chupa madoadoa meusi. Nikamwaga yote.

Siku ya kuosha, weka kwenye bakuli shampuu ya mara moja tu, ongeza kijiko cha chai cha asali au alovera, koroga, osha. Kinachobaki mwaga. Parachichi na ndizi saga uchuje kwa kitambaa, la sivyo utachambua vipande kwenye nywele mpaka jioni, hasa za kipilipili. Yai lisuuze kwa maji baridi, maana ya moto hulipika kichwani. Mafuta ya nazi matone mawili matatu yanatosha, yakizidi povu linakufa. Ndimu iacheni kabisa: huwasha ngozi, na ukitoka juani inaweza kukuunguza na kukuachia mabaka.