Somo: Pima ufuo wa Shela, Lamu, kwanza, ndipo uutegee mchanga kwa makuti

Upepo wa kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, wa kaskazi ukaurudisha. Anayepima ufuo mara moja tu hapimi mmomonyoko, anapima msimu. Kwa hiyo pima kila mwezi kwa mwaka mzima, na mwezi wa Machi linganisha na Machi, si na Agosti.

Kupima

Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita 1.5. Zichore alama kila sentimita 1, sifuri iwe kileleni. Fito ya tatu, ya mita 2, ni ya kupimia nafasi. Kamba haifai, ikilowa hubadilika urefu.

Chagua alama isiyohama nyuma ya tuta la mchanga: pembe ya msingi au nguzo ya zege. Mti usiutegemee. Nenda siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji yakipwa. Kwetu huwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

Simamisha fito ya kwanza kwenye alama, ya pili mita 2 mbele kuelekea baharini. Simama nyuma ya fito ya kwanza, teremsha jicho mpaka kilele cha fito ya mbele kilingane na mstari wa bahari na mbingu. Mstari huo unapokata fito yako, soma namba: ndiyo sentimita ulizoshuka. Ardhi ikipanda, tazama kutoka kilele cha fito yako na usome ile ya mbele. Andika, fito ya nyuma ihamie pale ilipokuwa ya mbele, endelea hadi majini. Kosa la kila mara ni fito kuzama mchangani. Ifunge kifuniko cha kopo chini yake.

Mbele ya kijiji chenyewe kisiwa cha Manda kinaziba upeo wa macho, hivyo tumia mpira wa maji (bomba la plastiki lenye maji, la kupimia usawa) kama mafundi wa nyumba.

Hesabu: ufuo wa upana wa mita 30 ukishuka wastani wa sentimita 20, umepoteza mita 6 za ujazo kwa kila mita ya urefu wa pwani.

Kutega mchanga

Weka uzio chini ya tuta, si chini ya mita 3 nyuma ya mstari wa majani ya bahari yanayoachwa na bamvua. Ukisogea mbele, wimbi litaung'oa. Nguzo za mita 1.8, zizikwe sentimita 60, ziachane mita 2. Boriti za mikoko msikate. Matawi ya mvinje yanatosha. Funga makuti kwa kamba ya usumba, nafasi wazi ziwe karibu sawa na zilizozibwa. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaziba kabisa. Upepo ukikosa pa kupita huchimba chini ya uzio. Ukipita kwa kupunguzwa nguvu, huangusha mchanga. Fanya vipande vifupi vya mita 5 vyenye mapengo, kasa wapate kupanda kutaga.

Mchanga ukifikia thuluthi mbili za uzio, weka mwingine juu yake. Mvua za masika zikianza, panda vipande vya mlakasa (mmea utambaao ufuoni) vya sentimita 50 vyenye vifundo vitatu au zaidi, thuluthi mbili vikiwa chini ya mchanga.

Njia ya watu na punda iwe moja, upana mita 1.5, na ipinde. Njia iliyonyooka kuelekea kusi hugeuka mdomo wa upepo, na tuta hupasuka hapo hapo. Majani ya bahari msiyafagie, okoteni plastiki tu. Na mchanga wa tuta si wa kujengea: mji wa Lamu unakunywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa chini ya matuta hayo, yakielea juu ya maji ya chumvi.

Maswali ya wanachama

*Assalamu alaykum. Jirani amejenga ukuta, sasa kiwanja changu kinaliwa pembeni. Nami nijenge?*

Wa alaykum salaam. Usijenge. Wimbi hugonga ukuta, likarudi na mchanga wa mbele yake, na pale ukuta unapoishia hula kiwanja cha jirani. Ukijenga, utamsukumia wa tatu. Pima mistari miwili, mmoja mbele ya ukuta na mmoja kwako, uipelekee NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, pamoja na picha zenye tarehe. Ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, Katiba ya 2010, kifungu cha 62.

*Kipungani tunapanda mikoko. Kwa nini isipandwe pia ufuoni Shela?*

Mkoko unataka tope na maji matulivu. Kwenye mchanga unaopigwa na wimbi la bahari kuu miche hung'oka kabla haijashika mizizi. Bakini nayo kwenye hori.

*Huku Malindi bahari imetukimbia, ufuo umekuwa mpana. Somo hili linatuhusu?*

Kupima kunawahusu, uzio pengine hapana. Mto Sabaki unawaletea udongo na mchanga kutoka bara, nao hutandazwa pwani mbele ya mji. Shida yenu ni mchanga mwembamba unaopeperuka hadi majumbani, basi mlakasa pandeni. Ila msijenge juu ya ufuo huo mpya kwa kuuona mpana: umeletwa na mto, na mto ukipungukiwa na mzigo, bahari itaudai.

*Mpira wa maji unanipa namba tofauti kila nikipima.*

Kuna povu la hewa ndani. Inua ncha zote mbili pamoja, ugonge mpira mpaka povu litoke, kisha pima tena.